Kiapo cha Weris

Kila asubuhi Weris alimsaidia mama yake, Saado, kubeba madumu ya maziwa ya ngamia hadi sokoni Garissa, kisha akakimbilia shuleni. Jumatatu moja alijikwaa, maziwa yakamwagika. Mama akamkemea na kumuuliza mawazo yake yako wapi. Lakini kinywa cha Weris kilikuwa kimefungwa kwa kiapo.

Siku moja kabla, Jumapili, kaka yake, Mowlid, alimshikisha Msahafu. "Apa kwamba hutamwambia mtu." Weris, mtoto wa watu, akaapa kabla ya kujua anaapia nini. Ndipo Mowlid akamweleza. Kuna mtu amemwahidi kazi ya udereva ng'ambo ya mpaka, wanaondoka Jumatano. Mtu huyo amemwagiza aache simu nyumbani, na wazazi wasijue.

Kazi gani hiyo ya kufichwa wazazi? Shuleni walikuwa wameelezwa jinsi magaidi wanavyowavuta vijana, na Weris si mjinga. Akisema, amevunja kiapo. Akinyamaza, kaka haonekani tena. Chakula kikamshinda, usingizi ukampaa.

Jumanne, madrasani, alikosea aya anayoijua vizuri. Maalim Bare akamwita kando. "Una nini, binti yangu?"

"Maalim, mtu akiapa kuficha jambo, na jambo lenyewe litampoteza nduguye?"

"Kiapo hicho akivunje, kisha atoe kafara. Alishe maskini kumi, na asipoweza afunge siku tatu. Ndugu gani huyo?"

Weris akasema yote huku akilia.

Saa ile ile Maalim akamfuata Saado sokoni, na baba yake Weris, alipopashwa habari, akampigia chifu simu. Jioni, Mowlid alipowakuta wazee wa mtaa wameketi mlangoni kumzuia asiondoke, alimgeukia dada yake. "Umeniuza." Maneno hayo yalimchoma Weris, lakini hakuomba msamaha.

Siku iliyofuata polisi, walioarifiwa na chifu, walimkamata yule mtu katika nyumba ya kupanga, pamoja na vijana wawili aliokuwa amewafungia ndani. Gari la kuendesha halikuwepo. Mowlid aliposikia, aliketi chini.

Weris akafunga siku zake tatu. Magharibi ya mwisho, Mowlid aliketi karibu naye mkekani, midomo imekauka. "Nami nimefunga," alisema, "tangu siku ya kwanza."

Saado akawagawia tende. "Siri ya heri itunzeni, wanangu. Siri ya kumwangamiza mtu isemeni mapema, hata kama mmeiapia. Weris angeshika kiapo chake, leo tungefuturu bila Mowlid."