Wino Usiokubali Maji

Nilimwandikia mwanangu kombe kwa wino ambao marehemu baba yangu alinikataza kuutumia, na sikufanya hivyo kwa kukosa mwingine. Nilifanya kwa sababu ule ulikuwa mzuri zaidi. Naanza na hilo, maana watu wa hapa Mlabani wakisimulia habari hii huanza na jini, na mimi naonekana mtu aliyeonewa. Sikuonewa. Mungu anisamehe.

Jina langu Makame. Nina duka la madaftari na kalamu, na nyumba yangu iko nyuma ya duka. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu husema, na mimi nilipenda wasemavyo. Siku hizi wino wa chupa hununuliwa na wachache: mashekhe na mapadri wanaofungisha ndoa, mwalimu mmoja mstaafu wa Kibaoni, na watu wenye ugonjwa wangu.

Ugonjwa wangu ni bluu. Ukitaka kuijua bluu usiitazame chupani, chupani zote ni giza. Chora mstari kwenye karatasi, ngoja ukauke, kisha utoe nje kwenye mwanga wa asubuhi. Mimi nilikuwa na ubao wa boksi pembeni ya dirisha, nimebandika vipande vya karatasi, kila wino na mstari wake, kuanzia hafifu kwenda nzito. Juu kabisa bluu ya sketi za shule. Chini yake bluu ya moshi wa kuni. Halafu zinaanza bluu nyeusi: moja ina ukijani kwa mbali kama mgongo wa kambale aliyetoka majini sasa hivi, nyingine ukiiandika leo ni bluu, ukiamka imeiva, imekuwa nyeusi.

Kombe, kwa asiyejua, ni maneno ya dua yanayoandikwa kwenye sahani nyeupe, yakaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akayanywa. Maneno yanatoka sahanini, na kilichomshika mgonjwa kinatoka pamoja nayo. Baba alinifundisha kuandika kwa zafarani. "Ukikosa zafarani," alisema, "chukua bluu ile ambayo maji yanaichukua. Bluu nyeusi kamwe. Hiyo ni ya vyeti vya ndoa, ya mambo yasiyotakiwa kufutika. Ugonjwa, mwanangu, tunataka ufutike."

Masika yale nilifungua boksi la mzigo kutoka Dar, nikakuta katikati ya chupa zenye karatasi zake chupa moja isiyo na jina. Nikachora mstari, nikaubandika chini ya mingine yote. Wino wowote hukauka kabla vitumbua vya jirani yangu Klementina havijageuzwa. Ule haukukauka. Jioni ulikuwa bado unang'aa. Asubuhi yake ulikuwa bado unang'aa, na ulikuwa umezidi kuwa mzito. Nikauinamia, nikanusa. Ulinuka kama msumari uliolala kwenye maji.

"Wee Makame!" Klementina aliniita kutoka jikoni kwake barazani. "Sasa unanusa karatasi? Mkeo Nasma ataletewa mke mwenza, na mke mwenyewe chupa!"

"Acha maneno, njoo uone rangi hii."

Akaja anafuta mikono kwenye kanga. Akautazama ule mstari, kicheko kikamkauka.

"Hiyo si rangi, Makame," alisema. "Hicho ni kisima."

Ningekuwa na akili ningeitupa chupa siku ile ile. Badala yake nilijaza kalamu yangu.

Wiki ile binti yangu Ilham alishikwa na homa. Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakampa dawa za malaria, homa ikashuka. Lakini alikuwa akishtuka usingizini na chakula hataki. Mke wangu Nasma akaniambia, "Baba Ilham, mwandikie mtoto kombe." Zafarani ilikuwepo kabatini. Bluu ya kufutika ilikuwepo dukani, chupa nzima. Nilitaka tu kuiona ile rangi juu ya sahani nyeupe.

Nikachukua sahani ya marehemu bibi, ya kaure, ya zamani, ile ambayo rangi yake ya juu imepasuka nyufa nyembamba kama nywele. Nikaandika. Sijawahi kuandika vizuri vile. Kalamu ilikuwa inakwaruza kaure, krrr, krrr, na mimi nimejawa na furaha ambayo sasa naiita kwa jina lake, majivuno.

Nilipomwaga maji ya waridi, wino ulififia tu. Nikasugua kwa kidole. Kilichotoka kilitoka, kingine kilikuwa kimeshaingia kwenye nyufa. Nikampa mtoto, akanywa.

"Mbona bado yanaonekana?" Nasma aliuliza.

"Yametoka. Hiyo ni nakshi ya sahani."

"Sahani hii naiosha tangu uliponioa. Haina nakshi."

"Itakuwa ilifunikwa na uchafu."

"Uchafu? Wa nani?"

Nikaitia sahani kabatini, nyuma ya vyombo vingine, nikafunga.

Kesho yake Ilham aliamka hana homa, anataka uji. Nasma akaninong'oneza ahsante. Mtoto aliponyoosha mkono kupokea kikombe nikaona kucha zake. Zilikuwa na bluu kwa mbali sana, bluu ya sketi za shule.

Nasma alidhani ni baridi, akamfunika. Siku iliyofuata zilikuwa bluu ya moshi wa kuni. Tukarudi hospitali. Daktari akambana kidole na kile kijidude cha kupimia hewa, akasema hewa anayo ya kutosha, akampima na damu, akasema damu nzuri. Kucha alizitazama muda mrefu, akatuambia tumrudishe zikiendelea. Nilipofika dukani nilibandua ubao wangu wa boksi, nikaingia nao ndani mtoto akiwa amelala, nikauweka kando ya kidole chake. Ilikuwa hiyo hiyo. Asubuhi iliyofuata nikapima tena, kucha zilikuwa zimeshuka mstari mmoja. Ikawa ndiyo kazi yangu, mimi baba yake, kila mwanga ukiingia napiga magoti kando ya kitanda nikilinganisha vidole vya mwanangu na wino, na kila siku nikijua ni mistari mingapi iliyobaki kabla ya ule wa chini.

"Baba," Ilham aliniambia mchana mmoja, macho juu ya dari. "Kuna mtu anajifunza kuandika kwenye kabati."

"Panya, mama."

"Panya hawaongei. Anasema ulimwita, akaja, halafu ukamfungia mlango. Anasema kwa hiyo atakaa kwangu."

Nikatega sikio, na ndipo na mimi nikasikia. Krrr. Krrr. Taratibu, kama mkono usiozoea kalamu.

Siku ile umeme ulikatika kabla ya magharibi, mvua ikasimama ghafla, na harufu ya msumari uliolala majini ikaja kutoka chumba cha vyombo, safari hii imechanganyika na tope la mto unapofurika, na mimi nikiwa na udhu wangu na dua mdomoni nikaenda, nikaweka mkono kwenye mlango wa kabati, nikasikia mkwaruzo ule si masikioni tena bali kwenye mifupa ya vidole vyangu, nikafungua, nikahamisha sufuria moja baada ya nyingine mpaka nikaifikia sahani ya bibi, na maandishi niliyoyaacha yamefifia yalikuwa yamerudi, mazito, yanang'aa kwa umajimaji kama yameandikwa dakika ile, na kati ya mistari yangu, pale nilipoacha weupe, kulikuwa na mistari mingine, midogo, iliyopinda, ya mkono ambao si wa mtu, na wa mwisho ulikuwa bado unatambaa kwenda ukingoni.

Nilianguka. Nasma alikuja na tochi ya simu.

"Nini? Baba Ilham, nini?"

"Si zafarani," nikasema. "Niliandika kwa ule wino. Haukutoka. Nilikudanganya, haikuwa nakshi."

Alinong'ona, maana mtoto alikuwa chumba cha pili. "Ulijua kuwa haukutoka?"

"Nilijua."

"Ukampa mwanangu anywe."

"Nilimpa."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akasema, "Alfajiri tunakwenda Lumemo kwa shangazi yako, na utamweleza kwa mdomo huo huo."

Shangazi yangu, Bi Sikudhani, anawaombea watu tangu sijazaliwa. Tulifika kwa bajaji, matope mpaka kwenye viti, mtoto mapajani kwa mama yake, sahani nimeifunga kwenye kitambaa. Vidole vya Ilham vilikuwa vimefika bluu yenye ukijani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Uso huo ni wa mtu aliyeharibu. Sema."

Nikasema yote. Akasikiliza huku akikata ndimu.

"Jini ulimwita kwa maneno, na ulitakiwa umtoe kwa maji," alisema. "Maji yakashindwa. Sasa yumo ndani na wino ndio kufuli. Nasma, nguo nyeupe ikiingia kutu unaitoa na nini?"

"Ndimu na chumvi, shangazi."

"Basi hamna miujiza hapa. Ndimu, chumvi, maji ya mvua, na jina la Mungu. Wewe Makame, kaa pale. Akisema na wewe usimjibu. Hata akilia kwa sauti ya mama yako, usimjibu. Hana haki ya kuuza kisicho chake, na mtoto si wake."

Akaanza kusugua, akisoma dua kwa sauti ya chini. Ilham alilala juu ya mkeka, Nasma amemshika miguu. Kila shangazi alipofuta mstari, mtoto alitetemeka, na mkwaruzo ukasikika, krrr, sasa kwenye bati, sasa kwenye ukuta, sasa chini ya mkeka wenyewe. Maji kwenye beseni yaligeuka rangi. Nilimtazama mwanangu. Kucha ziligeuka za mstari wa mwisho, rangi isiyokauka, na weusi ule ukaanza kupanda kwenye vidole, pingili ya kwanza, pingili ya pili, kama karatasi inavyokunywa wino.

"Makame," mtoto akasema.

Mwanangu hajawahi kuniita jina. Sauti ilikuwa kavu, inakwaruza.

"Makame, niliitwa kwa ajili ya rangi. Nipe rangi nitoke."

"Nyamaza!" shangazi akanifokea mimi, si yule aliyesema. "Umebaki ufa mmoja!"

Weusi ulikuwa umefika kiganjani. Nasma alikuwa anapiga kelele bila sauti. Na mimi, mtu wa swala tano, nikafanya kosa langu la pili.

"Chukua," nikasema.

Mkwaruzo ukakoma. Ilham akapiga chafya, akalia, akaomba uji. Nasma akamkumbatia, anacheka na kulia, akibusu vidole vyake kimoja kimoja: "Vimetakata! Shangazi, tazama, vimetakata!" Mimi nilivitazama. Niliona jivu. Nikatazama kanga ya Nasma, ndimu, majani ya mgomba mlangoni. Jivu. Nilidhani angechukua bluu. Alichukua zote.

Bi Sikudhani alikaa chini, mikono ndani ya beseni, hana furaha.

"Ningemaliza," alisema. "Sasa sijui ametoka kwa ndimu au kwa bei. Kama ni kwa ndimu, harudi. Kama ni kwa bei, aliyelipwa mara moja huijua njia ya dukani."

Mwaka umepita. Chupa ile niliizika. Ubao wa boksi bado uko dirishani, kwangu wote jivu, na mteja akitaka wino Klementina huacha vitumbua vyake kuja kumchagulia rangi, ananitania kuwa sasa ndiye mwenye duka. Ilham anakula, anasoma, anacheka.

Ila tangu juzijuzi Nasma ameanza kumpaka mtoto hina kwenye kucha. Si sikukuu, si harusi. Ikififia kidogo anampaka tena. Nilimuuliza kulikoni. Akamaliza kwanza ukucha aliokuwa anaupaka, kisha akasema, "Hina tu, Baba Ilham. Urembo wa mtoto wa kike." Alisema kama nilivyosema mimi siku ile, nakshi ya sahani, na kwa uongo wangu ule sina uso wa kumuuliza mara ya pili. Klementina naye nikimuuliza huona vitumbua vinaungua.

Basi nakuomba wewe. Ukipita Mlabani, ingia dukani mchana, mwanga ukiwa mzuri, uombe daftari. Ilham ndiye atakayekufungia. Usimuulize kitu, usimtishe. Atakaponyoosha mkono, tazama shina la ukucha, pale unapoota, ambapo hina haijafika. Kisha uzunguke upande wangu wa meza, uniambie ni rangi gani.