Abiria wa Mafiga

Eva alianza kukaa ukingoni. Mwanzoni hakuna aliyeliona, maana kukaa ukingoni si kosa la kumtia mtu kwenye maombi. Kwenye benchi la sebuleni, lenye nafasi ya watu watatu wanene, alijibana upande wa kushoto mpaka nusu ya paja ikaning'inia. Kanisani akafanya vivyo hivyo, na waliochelewa misa wakaja kuketi kwenye ile nafasi walihama kabla ya mahubiri, huku wakisugua mikono kwa baridi. Hata kitandani, mumewe Leonce alisema kwa aibu, alilala juu ya ubao wa pembeni na kuacha pengo katikati yao.

"Unamwachia nani nafasi?" kaka yake, Josephati, alimuuliza asubuhi moja wakinywa chai.

"Sijui, kaka," Eva alisema. "Naona tu ni adabu."

Josephati akaweka kikombe chini na kuangalia dirishani. Yeye alijua ni nafasi ya nani. Tusimwonee huruma upesi mtu huyu, kwa sababu alijua tangu siku ya kwanza na alikuwa amenyamaza.

Josephati alikuwa fundi pikipiki hapo Karatu mjini, na aliyetaka kununua chombo kilichotumika alimchukua kwanza aende akakague. Maneno yake yalijulikana mpaka Baray. Nenda asubuhi, alikuwa akisema, ushike injini kwa kiganja. Ukiikuta ya moto, muuzaji ameiamkia mapema ili iwake bila kukohoa, na mtu wa namna hiyo ana siri. Kama ni ya matairi matatu, matairi ya nyuma yawe yamelika sawasawa, maana likilika moja, ekseli imepinda. Geuza usukani huku na huku usikilize kinachogonga. Chungulia chini utafute alama za kuchomelea. Halafu simama nyuma yake, mbali kidogo, uone kama imekaa sawa au imelala upande.

Mtu mwenye macho hayo hawezi kusema kwamba hakuona.

Shida yake ilikuwa nyumba. Leonce alikuwa dereva wa watalii, kampuni ikapunguza watu, akaja na Eva kwa Josephati kujishikiza kidogo. Kidogo hicho kikavuka masika, kikavuka kiangazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini nani anampa jembe dada yake wa tumbo moja? Josephati alipanga foleni ya choo chake mwenyewe. Alisikiliza redio ya Leonce kupitia ukuta. Alikuta kiti chake kimekaliwa, akatabasamu, akasema kaeni tu. Katika nyumba za kwao kaka hamwambii dada ondoka, kwa hiyo neno hilo lilimkaa tumboni likachacha.

Ndipo Leonce alipoiona ile pikipiki kwa mzee Shaabani, mwenye duka la vipuri. Lilikuwa dude kubwa la safari, tairi moja mbele na mawili nyuma, na kiti cha nyuma kipana cha abiria wawili. Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka Afrika nayo aliiacha Karatu akapanda basi. Watu wa mjini waliiita Mafiga kwa sababu ya yale matairi yake matatu. Leonce alitaka kuwapeleka wageni wa hoteli mpaka Ziwa Eyasi, na akipata wateja wa msimu, alisema, yeye na Eva watapanga kwao.

Josephati akaenda kukagua asubuhi ya ukungu. Injini ilikuwa baridi, vizuri. Matairi yamelika sawa. Oili safi, chesesi haijaguswa na moto wa kuchomelea. Kisha akasimama nyuma, mbali kidogo, akaona imelala upande wa kulia. Akachunguza shokapu ya kulia, nzima kabisa, haivuji. Akaweka kiganja kwenye kiti cha abiria. Nusu ya kushoto ilikuwa ya baridi kama bati la paa. Nusu ya kulia ilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi, na hapakuwa na mtu aliyenyanyuka. Palinuka udongo wa msituni na maziwa ya kibuyu kilichofukizwa.

"Umemwona," alisema mzee Shaabani nyuma yake, kwa sauti ya chini.

"Nimeona shokapu imechoka."

"Haijachoka, fundi. Imebeba." Mzee alisogea karibu. "Yule Mzungu alikuwa anateremka kutoka kule geti la hifadhi, ukungu umeshika. Akamkuta mama kando ya msitu, akamwambia panda. Kufika mjini akageuka, hakuna mtu, lakini kiti kimebonyea mpaka leo. Si jini wa shari. Alikaribishwa, akapanda, na hakuna aliyemsindikiza arudi kwao. Dini yangu hainiruhusu kuuza kitu chenye aibu nikanyamaza. Lakini shemeji yako nikimwambia mimi ataona namfukuza nimpe mwingine. Wewe anakuamini. Mwambie. Akitaka aiache, akitaka amsindikize mgeni kwanza, ndipo aichukue. Nakuachia amana hiyo."

"Nitamwambia, mzee."

Leonce alikuwa nje, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Josephati alimtazama, na katika muda ule mfupi hesabu ikajipiga yenyewe kichwani. Akiambiwa, hatanunua. Asiponunua, hatafanya kazi. Asipofanya kazi, hataondoka.

"Iko safi, shemeji," alisema. "Chukua."

Alijiambia kwamba hizo ni hadithi za watu wa udi na ubani, na yeye ni Mkatoliki. Hata hivyo jioni alikiosha kile kiganja kwa petroli, akarudia tena, na harufu ya kibuyu haikutoka.

Wateja wa kwanza walilalamika kwamba kiti kinabana, na walikuwa wawili tu, wembamba. Leonce alicheka. Kisha akampakia mkewe kwenda Kansay kumsalimia mama yake Eva. Eva aliketi kushoto akaweka kikapu cha ndizi kulia kwake, na kikapu kikawa kinasukumwa chini kila wanapopanda mlima, mpaka akakipakata. Njiani kurudi, jua likiwa bado kali, kitu kilimwegemea begani kikasinzia. Hakumwambia mumewe. Aliona haya kumwamsha.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa ukingoni. Alipopakua ugali aliongeza sahani. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kuwa baridi, ukafuata mguu, akawa anauburuta. Zahanati walimpima, hawakuona kitu. Katekista alikuja na maji ya baraka, na Eva aliponyunyiziwa alijisogeza kidogo, akasema kwa upole, "Na yeye umnyunyizie." Katekista alifunga chupa yake akakumbuka kwamba ana mgonjwa mwingine.

Josephati aliona kinachotokea, na kilimtia hofu kuliko kelele zozote. Eva alikuwa amekwisha kumgawia yule mgeni benchi, kitanda na chakula. Sasa alikuwa anamgawia mwili. Jicho la kulia halikupepesa tena. Mdada aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya akabaki nusu, na nusu nyingine ikamtazama Josephati kila alipopita kwenda jikoni.

Jioni moja, jua likizama nyuma ya Oldeani, Josephati alitoka uani kuikagua Mafiga upya, akijidanganya kwamba huenda ni springi tu, huenda ni hewa ya tairi. Akapiga magoti, akaona shokapu ya kulia inapanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu anayelala, na kile kioo cha pembeni upande wa kulia kikaanza kuingia ukungu wakati cha kushoto ni kikavu, ukungu ukaja ukatoweka, ukaja ukatoweka, kwa mwendo uleule wa shokapu, na harufu ya kibuyu ikamjia puani ikamjaa kooni mpaka akahisi ameinywa, na ngozi ya kiti ikalia ule mlio wa mtu anayejigeuza amwone vizuri aliye chini yake, naye akarudi kinyumenyume kwa mikono na visigino mpaka mgongo ukagonga mlango wa sebule, akaingia, akafunga, akageuka.

Eva alikuwa kwenye benchi, peke yake. Leonce alikuwa ameenda bombani. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umelala. Upande wa kulia ulikuwa macho, na ndio uliofungua kinywa.

"Iko safi, shemeji?" ulisema.

Ilikuwa sauti ya Josephati mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na haraka ileile ya siku ile, ile hamu ya jambo liishe watu waondoke. Hakuna mwingine aliyewahi kujua kwamba hamu hiyo ilikuwemo.

Alikimbia mpaka kwa mzee Shaabani bila viatu. Mzee alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi.

"Ulikula amana," alisema tu. "Kesho nitakuja na shangazi."

Shangazi yake, Bi Kuluthumu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, anayetibu watu wenye mashetani kwa dua na ubani. Alifika asubuhi, akafukiza chetezo kuizunguka Mafiga, akasoma. Kisha akaketi kwenye benchi, si kwenye ile nafasi, akamtazama Eva kwa muda.

"Shikamoo mama," Josephati alisema.

"Marahaba. Mwanangu, huyu hana ubaya. Mgeni aliyefichwa haagi, maana ataagaje kwa watu ambao hawajaambiwa kwamba yupo? Anabaki. Na akibaki anatafuta mahali pa kukaa, na mwenye moyo laini ndiye anayempisha. Dada yako anapisha mpaka atakwisha. Aliyemficha amtambulishe, mbele ya aliyeuziwa, kwa mdomo wake. Halafu amsindikize."

Leonce alimtazama fundi, kisha mganga, kisha tena fundi.

"Nani alimficha?" aliuliza.

Hapo Josephati angeweza kusema ni mzee Shaabani. Neno lilimfika mpaka kwenye meno. Mzee alikuwa uani, na alikuwa Mwislamu mfanyabiashara, na Leonce angeamini. Lakini jicho la kulia la dada yake lilikuwa linamngoja, na mficha uchi hazai.

"Mimi," alisema. "Nilimwona, nikaambiwa nikwambie. Huyu ni mgeni wetu, nilimleta ndani ya nyumba bila kuwaambia."

"Kwa nini, shemeji?"

"Nilitaka upate kazi." Bi Kuluthumu alikuwa amesimamisha tasbihi yake. "Nilitaka muondoke. Nilichoka na ninyi."

Leonce alisimama, akaenda akamshika mkewe mkono wa kulia, ule wa baridi, akaanza kuusugua. Eva alikuwa analia kwa jicho moja.

Josephati akaiwasha Mafiga. Ilipoondoka uani ililala kulia mpaka bomba la moshi likakwaruza mawe. Alipanda barabara ya lami ya kwenda hifadhini, na kadiri alivyopanda mashamba yakaisha na ukungu ukashuka, na ule uzito nyuma yake ukasogea mbele, ukasogea tena, mpaka pumzi baridi ikawa kwenye shingo yake na vidole vikamshika kiunoni kama abiria yeyote anavyofanya kwenye kona, na hakuthubutu kuangalia kioo wala kuongeza mwendo, kwa maana pikipiki ya matairi matatu hailali kwenye kona, inapinduka, na alikuwa ameambiwa amsindikize, hakuambiwa amtupe.

Karibu na geti askari mmoja wa hifadhi alitoka kwenye ukungu akainua mkono.

"Pikipiki mwisho hapa, kaka. Unajua utaratibu." Kisha akachungulia nyuma, na sauti yake ikapungua. "Mama huyo wanamjua kule?"

"Ndiko kwao," Josephati alisema. Akazima injini. "Mama, nilikuficha. Nisamehe. Umefika kwenu."

Vidole vikaachia kiuno. Shokapu ya kulia ikapanda polepole, ikakaa sawa na mwenzake. Majani mabichi kando ya lami yakainama, moja baada ya jingine, kuelekea msituni. Askari alivua kofia, akabaki ameishika hata yalipoacha kutikisika.

Josephati alirudi mjini alasiri, pikipiki nyepesi, akipanga maneno ya kumwomba dada yake msamaha. Alikuta chumba chao kimefagiliwa. Kitanda hakipo, redio haipo. Ufunguo ulikuwa mezani. Akapiga simu.

"Nimepona, kaka," Eva alisema, na ilikuwa sauti yake nzima. "Mkono umerudi. Tuko Kansay kwa mama. Leonce atakuja kuchukua Mafiga."

"Rudini. Nyumba ni yenu. Nilikosa, Eva, nakuomba."

"Nimekusamehe. Hilo lisikusumbue. Yule mama aliniaga asubuhi, kabla hujawasha pikipiki. Nilimwuliza mbona alinibana vile. Akasema hakujua pa kwenda, na ni vibaya sana kukaa mahali ambapo hawakutaki na hawakwambii. Nikamwambia pole. Halafu nikakaa nikafikiri, kaka, nikaona na mimi niage."

Akamtakia jioni njema, kama mtu anavyomtakia jirani, akakata simu.