Mafuta Shingoni mwa Fidèle

Huko ughaibuni, kila alipomaliza kusafisha ofisi za mtaa wa Kista, Laurentine alipitia hospitali kabla ya kurudi kwake mtaa wa Husby. Mumewe, Fidèle, alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nimonia ilikuwa imemwangusha. Mashine ilimsaidia kupumua, na shingoni mrija mwembamba ulipeleka dawa kwenye mshipa mkubwa wa damu.

Daktari alisema wangoje. Kungoja hadi lini? Laurentine alikata tamaa. Jumapili alikuja na mafuta ya upako kutoka kanisani. Kwao Bukavu, mgonjwa huombewa na kupakwa. Alimpaka Fidèle kwenye paji la uso, kisha shingoni. Plasta iliyofunika mrija ilimzuia. Akainua ukingo wake, akapaka hadi penye mrija.

Kesho yake homa ilipanda ghafla. Fidèle alitetemeka, presha ikashuka. Bridget, muuguzi Mkenya, aliona plasta imebanduka.

"Dada, kuna mtu ameshika hapa?"

Laurentine aliogopa kufukuzwa hospitalini. Lakini mumewe alikuwa akimponyoka mbele ya macho yake.

"Ni miye," alisema. "Nilimupaka mafuta. Nilitaka Mungu amuponyeshe."

Bridget hakumkaripia. "Umefanya vizuri kuniambia. Ngozi huzuia vijidudu. Hapa tumeitoboa, kwa hiyo plasta ndiyo kinga. Mafuta huibandua, na vijidudu vinaweza kufuata mrija mpaka kwenye damu."

"Basi nimemuua bwana yangu!"

"Huenda si mafuta. Hata bila kuguswa, mrija unaweza kuleta maambukizi. Ndiyo maana tunaukagua kila siku, na usipohitajika tunautoa. Huu tutautoa sasa, na daktari atampa dawa. Wewe nawa mikono ukiingia. Ukiona plasta imelegea, tuite."

Laurentine aliketi koridoni akalia mpaka sauti ikakauka. Hata kuomba kulimshinda.

Pasta Évode wa kanisa lao alipokuja, alinyoosha mkono moja kwa moja kumwelekea mgonjwa. Laurentine akamzuia.

"Unawe kwanza, Pasta. Umushike mukono tu. Plasta na mirija, hapana."

Pasta alinawa, wakaomba.

Homa ilishuka polepole sana. Siku moja Fidèle alifumbua macho. Alimtazama mkewe kama mtu asiyemjua, akayafumba tena. Laurentine alilia upya, kwa uchungu. Hakujua kama atamrudia mzima. Lakini vipimo vilionyesha damu ya mumewe haina tena vijidudu, naye alikuwa hai.