Mpokeaji wa Loisi

Siku ilianza kama siku nyingine zote za kiangazi Dodoma: vumbi, upepo, na Loisi anajisifu kisimani. Huyu Loisi alikuwa shangazi yake babu yangu, kwa hiyo nikisema alikuwa na maringo msinione sina adabu. Ukoo mzima tunayo. Yeye ndiye aliyetugawia. Reli ya Wajerumani ilikuwa imefika mjini mwaka uleule, na binti wa tembe la kijijini Nkuhungu tayari anavaa gauni jeupe la misheni na kuimba nyimbo za Kijerumani peke yake mbele ya kinanda. Sauti ya kwanza, ile inayopanda mpaka mbwa wanainua masikio.

"Nikifika Ulaya," aliwaambia wenzake, "maji nitakuwa nachotewa."

"Na hayo majivuno atakubebea nani?" Anyesi akamuuliza. "Maana melini hayaenei."

Wakacheka, lakini safari yenyewe haikuwa mzaha. Bibi Helga, mwalimu wake wa uimbaji, alikuwa amemwalika mzungu mwenye sanduku la kunasa sauti. Jumapili Loisi angeimba mbele ya tarumbeta la sanduku lile. Mzungu akiridhika, angempeleka Berlini akafundishwe mpaka awe mwimbaji wa majumba makubwa.

Sasa, kule kwao wimbo hauachwi peke yake. Wa juu anaita, wa chini anapokea. Tangu Loisi akiwa mtoto, mpokeaji wake alikuwa mama yake, mwanamke mwenye sauti nzito kama jiwe la kusagia. Aliposikia kwamba misheni bintiye anaimba bila kupokewa, alimwonya mara moja tu.

"Mwanangu, usiite mahali pasipo na mpokeaji. Humjui atakayeitika."

Loisi alicheka. Mambo ya kishenzi hayo, alijisemea.

Alhamisi mama alikuja misheni kwa miguu, kajipaka udongo mwekundu na samli, kibuyu cha maziwa kichwani. Akasimama kwenye mlango wa chumba cha kinanda, mkono mmoja kwenye mwimo, akasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu."

Bibi Helga akakunja pua. "Loisi, nani huyu?"

Loisi aliliangalia gauni lake jeupe. Akaiangalia miguu ya mama yake, imejaa vumbi hadi magotini.

"Simjui, Bibi. Labda anauza maziwa."

Mama alikitua kibuyu kizingitini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akaondoka. Pale alipokuwa ameshika mwimo pakabaki vidole vitano vyekundu. Loisi alivifuta kwa kitambaa kabla Bibi hajaviona.

Jumamosi asubuhi kaka yake, Matonya, alimvizia nyuma ya kanisa. Alinong'ona.

"Mama ametutoka. Alirudi, akakaa chini, hakula tena. Neno lake la mwisho lilikuwa, 'Nani atampokea?' Twende tukamzike."

"Kesho naimba, kaka."

"Si uombe ruhusa?"

Kuomba ruhusa ni kutaja anayezikwa. Na huyo anayezikwa, yeye Loisi alikwisha kusema hamjui.

"Tangulieni," alisema.

Matonya alimtazama kwanza. Akatema mate pembeni, akaenda zake.

Jumapili baada ya ibada, jua la utosi, ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Mzungu akalielekeza tarumbeta. Bibi Helga akagusa kinanda. Loisi akaimba.

Mstari wa kwanza ulipanda safi, wageni wakatikisa vichwa kwa raha. Alipovuta pumzi ili aanze wa pili, akasikia.

Chini. Kama sakafuni. Sauti nzito inapokea.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

Mstari wa pili. Ikapokea. Karibu zaidi.

Wa tatu. Nyuma ya shingo. Harufu ya samli.

Akafumba macho, akaimba hadi mwisho huku machozi yanamtiririka. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni wimbo ndio umemliza.

Mzungu akazungusha mpini wa sanduku ili wote waisikie sauti iliyonaswa. Tarumbeta likakwaruza. Pale palipopaswa kuwa na mstari wa kwanza, kimya. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, kwa Kigogo, ikapokea. Kimya. Ikapokea tena. Ya Loisi haikuwemo kabisa.

Anyesi, benchi la mbele, alijiziba mdomo. Aliijua ile sauti. Watu wa Nkuhungu wote waliijua. Wengine bado walikuwa na udongo wa kaburi lake kwenye kucha.

Bibi Helga akamgeukia mwanafunzi wake.

"Loisi, nani huyu?"

Swali lilelile. Ukumbi mzima ukamkodolea macho, na Matonya alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii Loisi alitaka kusema. Liwalo na liwe, Ulaya ipotee. Akafungua mdomo ili aseme, ni mama yangu.

Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.

"Simjui, Bibi," ilisema. "Labda anauza maziwa."

Loisi hakupanda meli. Alizeekea Nkuhungu akiongea kwa mikono tu, kwani kila akijaribu neno, lilitoka kwa sauti ile, na lilikuwa ni lilelile.

Gauni lake tunalo mpaka leo. Mgongoni, katikati ya mabega, lina vidole vitano vyekundu tangu Jumapili ile. Juzi nililifua mwenyewe, nikawatambia wadogo zangu kwamba uchawi wa zamani hauwezi sabuni. Alama zikatoka, nikalianika, nikaenda kujisifu.

Nilipokwenda kulianua, mgongo ulikuwa mweupe. Vidole vilikuwa mbele. Kwenye koo.