Masale Kwenye Barabara ya Mwika

Primus alikuwa dereva wa lori mwenye chuki nyingi, na zote zilikuwa za barabarani. Nyumbani kwake Soweto, pale Moshi, hakuwahi kugombana na jirani hata kwa ajili ya kuku. Lakini akishashika usukani, domo lilimfunguka. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, magari yaliyotumika Japani yameanza kumwagika nchini, na kila aliyejua kuwasha injini alijiita dereva. Primus aliwachukia wanaokuja na taa za fulu hadi wanakupita, utadhani wanakutafuta chawa. Aliwachukia wenye lori chongo, taa moja inawaka na nyingine imelala. Aliwachukia pia wale unaowapisha mlimani, wakapita kimya bila hata kihoni cha asante, kana kwamba barabara waliachiwa na babu yao.

Lakini waliomchefua kuliko wote ni wale wanaoharibikiwa na gari, wakatandaza matawi barabarani kuwaonya wanaokuja, kisha wakishatengeneza wanaondoka na kuyaacha palepale.

"Majani barabarani ni neno la mtu," alizoea kumwambia mkewe, Gladys. "Ukishamaliza shida yako, ondoa neno lako. Ukiliacha watu wataacha kuliamini, na siku hiyo litaua."

Akiyakuta yametelekezwa alisimama, akashuka, akayaokota yote na kuyaweka pembeni. Gladys alikuwa mchuuzi wa ndizi, na safari za Rombo alipanda lori la mumewe, kwa hiyo kusubirishwa namna hiyo alikwisha kuzoea. Alikuwa akimtania kwamba serikali ingempa ufagio tu, ajue moja.

Siku hiyo ya Julai walitoka sokoni Mkuu, kule Rombo, saa tisa mchana, nyuma wamepakia mikungu ya ndizi za mchare. Binti yao Zita, wa miaka minne, walimwacha kwa jirani, na Gladys alikuwa amemwahidi kwamba watakula chakula cha jioni pamoja. Manyunyu yalikuwa yameilainisha barabara ya vumbi. Walipokaribia Mwika ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukaifunika migomba ya pande zote mbili. Primus akawasha taa, akazishusha.

"Fulu kwenye ukungu ni ujinga mwingine," alisema. "Unajimulika mwenyewe."

Hapo ndipo walipoyaona majani ya kwanza. Yalikuwa manne au matano, mabichi, yametandazwa katikati ya njia. Primus akapunguza mwendo, akachungulia mbele akitafuta gari lililoharibika. Hakukuwa na gari. Alikwenda taratibu hadi kona iliyofuata, hakuna kitu. Akasimama, akarudi kwa miguu, akayaokota huku akilaani, akayatupa mtaroni.

"Mshenzi mmoja ameondoka kaacha uchafu wake," alisema alipopanda.

Gladys alikuwa ameyatazama majani yale kupitia kioo cha pembeni, marefu, membamba, ya kijani kilichoiva, na hakuwa na uhakika kwamba aliona vizuri.

Baada ya kona mbili wakayakuta tena. Safari hii yalikuwa mengi zaidi na lori lilisimama karibu nayo. Gladys akaona vizuri.

"Baba Zita," alinong'ona. "Hayo ni masale."

"Majani ni majani, mama."

"Siyo. Hakuna Mchagga anayekata sale kwa ajili ya gari bovu. Watu wanakata matawi ya grevilea, wanakata majani ya mgomba. Sale unampelekea mtu uliyemkosea, au mtu unayemwomba jambo kubwa. Na ukishaletewa huwezi kukataa. Wewe umezaliwa Rombo, unajua."

Primus alijua. Babu yake alipatanishwa na ndugu yake kwa jani moja la sale, baada ya miaka mingi ya kununiana. Lakini alikuwa dereva tangu ujana wake, na majani yaliyo barabarani aliyasoma kidereva.

"Haya, sasa sisi tunaombwa nini?"

"Sijui. Labda tusiende. Tugeuze, tukalale Mkuu kwa mama."

"Na Zita je?"

Gladys alikumbuka chakula cha jioni alichomwahidi mtoto. Primus akashuka, akayaokota, akapanda. Wakaendelea.

Mara ya tatu hayakuwa yametandazwa. Yalikuwa yamepangwa. Jani baada ya jani, mstari mmoja, ncha zote zimewaelekea wao, namna mtu anavyokukabidhi kitu kwa adabu. Mstari ulianzia mbele ya bampa na kupotelea ndani ya ukungu.

"Usishuke," Gladys alisema.

"Dakika moja tu."

"Primus, nakuomba." Hakuwa na desturi ya kumwita mumewe jina lake.

Primus akamtazama, akamgusa bega. "Mtu wa nyuma yetu akiyakuta haya atasimama ghafla. Atateleza hapa, ataua watu." Akaiacha injini ikiunguruma, akashuka.

Gladys alimwona ndani ya mwanga wa taa. Anainama, anaokota, anasogea. Anainama, anaokota, anasogea. Mara ukabaki mgongo tu. Mara mgongo haukuwepo.

Alisubiri. Akapiga honi. Kimya.

Primus alikuwa amemfundisha kuchezea taa. Akasogea kwenye kiti cha dereva, akapandisha fulu mara mbili.

Kule mbele, ndani ya ukungu, taa zikajibu. Mara mbili.

Gladys akashusha pumzi. Kumbe kweli kuna gari bovu. Kumbe mumewe anasaidia wenzake, na yeye amekaa hapa anajitisha kwa mambo ya wazee. Alijicheka kidogo. Akapandisha taa mara moja tena, kumwambia afanye haraka.

Taa za kule zikajibu mara moja. Kisha zikapanda fulu, na hazikushuka.

Mwanga ulijaa ndani ya kebini hadi akaona mishipa ya mikono yake. Alifumba macho, akaona wekundu. Hakusikia injini nyingine isipokuwa ya lori lao. Hakusikia hatua.

Taa zikazimika.

Pikapu moja ilikuja kutoka nyuma, upande wa Mkuu. Ikasimama, akashuka mzee mmoja aliyeitwa Filemon, fundi seremala. Alimkuta Gladys ameng'ang'ania usukani.

"Shikamoo baba," alisema kwa shida. "Mume wangu yuko mbele. Kuna gari."

Wakaenda pamoja, mzee akimulika kwa tochi. Ardhi mbichi ilionyesha kila kitu kilichopita. Alama za viatu vya Primus zilionekana waziwazi, hatua na kituo, hatua na kituo. Pembeni ya barabara walikuta masale yote. Hakuyatupa mtaroni safari hii. Aliyalaza vizuri kwenye nyasi, mashina upande mmoja.

Gladys akachukua jani moja. Akapiga magoti kwenye tope, akalinyoosha kwa mikono miwili kuelekea ukungu, kama alivyomwona bibi yake akifanya.

"Nirudishie," alisema. "Yeyote uliye. Ana mtoto." Ukungu haukujibu.

"Mwanangu," mzee Filemon aliita taratibu. "Njoo uone."

Palikuwa na alama za tairi za lori zito, nyuma tairi pacha. Zilididimia sana. Lakini hazikutoka kokote. Nyuma yake udongo ulikuwa laini, haujaguswa. Mbele yake vilevile. Ni kama lori lilitua pale, likapakia, likanyanyuliwa.

Nyayo za Primus zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye alama hizo, zikaishia hapo.

"Alikuwa dereva?" mzee alinong'ona.

"Ndiyo."

"Mbona amepandia kushoto, kwa abiria?"

Gladys alimnyang'anya tochi, akazunguka upande wa kulia, upande wa dereva, akamulika chini. Alimulika mahali pale kwa muda mrefu, hadi mkono ukachoka. Udongo ulikuwa mbichi, laini, na hapakuwa na unyayo hata mmoja wa dereva.