Si Kila Ufunguo Unaoingia

Haya, tegua kitendawili hiki kabla hatujaendelea: mfanyakazi wangu hajapumzika tangu azaliwe, siku akipumzika, nyumba nzima inalia. Ni nani? Ukisema moyo, umepata. Sasa sikiliza ya fundi wa vitasa.

Asubuhi hiyo alikuwa akichonga ufunguo kwa tupa. Mara akashika kifua, akaketi chini. Jasho likamtoka. Mkewe aliacha makufuli aliyokuwa akiyapanga, akamkimbilia. Shati la mumewe lilinuka bangi.

"Baba watoto, vidonge vyako vya hospitali viko wapi?"

Fundi akageuza uso.

"Nakuuliza. Vile vya mishipa ya moyo. Viko wapi?"

Mdogo wa mkewe alikuwa pale dukani. "Dada, punguza moto. Nilimpa bangi mimi. Ni dawa ile. Hata mwili wenyewe unatengeneza vitu vinavyofanana nayo."

"Nyamaza. Unataka kunifanya mjane, halafu unanifundisha?"

Akafunga duka, akampeleka mumewe hospitali saa ileile. Maumivu ya kifua hayasubiri kesho. Wakamlaza.

Siku ya tatu, mkewe na mdogo wake wakiwa wamekuja kumwona, muuguzi akaketi kando ya kitanda.

"Baba, mkeo kanisimulia yote. Shemeji yako kasema nusu ya kweli, na nusu hiyo nusura ikuue. Ni kweli mwili una vitu vyake hivyo. Vichukulie kama funguo ndogo. Kwenye moyo na mishipa kuna vitasa vyake. Kimoja kikifunguliwa mno, moyo unakwenda mbio na mishipa inaweza kuvimba ndani. Kingine husaidia kutuliza uvimbe. Mwili hutoa funguo kidogo, panapohitajika, kisha huziharibu. Wataalamu bado wanachunguza kama zinaweza kutupa dawa. Lakini ukivuta bangi, unamwaga funguo za kigeni mwili mzima. Moyo unadai damu zaidi, na mishipa yako ni myembamba. Moshi nao unapunguza hewa safi kwenye damu."

Fundi akatazama vidole vyake. "Mteja akiniomba ufunguo wa kufungua kila mlango, mimi humfukuza."

"Na huu ukajichongea mwenyewe," mkewe akasema.

"Mimi nilitaka apate nafuu tu, dada," mdogo wake akanong'ona.

"Nafuu gani? Umemziba pua asisikie moshi, na nyumba inaungua."

Fundi aliacha bangi. Akameza vidonge vipya kila asubuhi, akahudhuria kliniki, akaanza kutembea kwa miguu hadi dukani. Miezi miwili ikapita bila kushika kifua. Lakini hasira ya mkewe haikupoa. Alimletea maji ya kumezea dawa, akazungumza naye kama anavyozungumza na mteja.

Asubuhi moja Fundi alishusha kopo la funguo mbovu, akalimwaga mezani mbele ya mkewe. Katikati ya vyuma vikatoka vidonge vya zamani, pakiti nzima, haijaguswa.

"Uliniuliza viko wapi," akasema. "Niliviweka huku. Niliona nikivimeza mbele yako, nitakuwa nimekubali kwamba na mimi ni mbovu."