Kifua na Pua Vinajuana

Enzi za Mwingereza, kule Temeke, jirani akiugua huendi kumwona mikono mitupu. Na dawa ukiletewa huikatai. Ukiikataa, ni kama umemwita mwenzio mchawi.

Asubuhi moja Chausiku alimkuta wifi yake, Mwanabaraka, anakuna nazi uani. Pua imemziba, anahemea mdomo.

"Wifi, leo unatupikia mchuzi wa kamasi?"

"Acha utani. Mwenzio kichwa kinapasuka."

Chausiku akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge vya mafua alivyonunua duka la dawa mjini. "Meza viwili. Mie viliniponya."

"Mbona nimekwisha meza vyangu vya pumu, vya hospitali?"

"Vile vya kifua, hivi vya pua. Vinajuania wapi?"

Mwanabaraka akacheka, akameza. Chausiku akarudi kwake, nyumba ya pili.

Hata chungu hakijachemka, akasikia yowe. Akakimbia. Lo! Wifi yake kalala mkekani, macho yamemtoka, mikono inamtetemeka. Moyo unamdunda mpaka kanga kifuani inaruka.

"Umempa nini mwanangu?" Alikuwa Bi Tabu, mama yake Mwanabaraka. "Umemtilia sumu!"

"Wallahi, mama, ni dawa ya mafua!"

"Dawa ya kuua! Unataka kaka yako aoe mwingine!"

Kaka mtu, Marijani, mume wa Mwanabaraka, alikuwa kasimama mlangoni. Alimtazama tu dada yake. Kule kutazamwa kulimchoma Chausiku kuliko matusi yote.

"Basi nitazameni!" Akatoa vidonge viwili, akavimeza bila maji. "Kama ni sumu, tuzikwe pamoja."

Watu wakamzunguka. Wanamkodolea macho aanguke. Hakuanguka. Kinywa kilimkauka tu. Lakini Mwanabaraka alizidi kulia, "Nishikeni! Moyo unanikimbia!"

"Kama si sumu, ni pepo," jirani mmoja akasema. "Aitwe fundi wa kumpunga, ngoma ipigwe."

Hapo akaingia Genoveva, nesi kutoka Bukoba, mpangaji wa chumba cha mbele, ndiyo kwanza anatoka kazini. Akamshika mgonjwa mkono, akasikiliza mapigo. Uso ukambadilika.

"Kanywa dawa gani?"

Chausiku akamwonyesha vidonge vya mafua. Akamwonyesha na vya pumu.

"Mungu wangu! Na nyie mnataka kumchezesha ngoma? Moyo huu ukichezeshwa zaidi utasimama! Shemeji Marijani, tafuta gari. Usisimame hapo!"

Hospitali daktari akamlaza Mwanabaraka. Wao wakangoja nje. Ndipo Genoveva akawaeleza.

"Vidonge vya pumu vina dawa iitwayo efedrini. Inafungua kifua, lakini inauharakisha moyo. Hivi vya mafua navyo vina efedrini ileile, ya kuzibua pua. Mwanabaraka kaimeza maradufu bila kujua."

"Mbona majina mbalimbali?" Marijani akauliza.

"Jina kubwa la kwenye boksi ni la biashara. Dawa yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo."

"Na mie nilivimeza viwili kuapa kwamba si sumu, mbona sikudhurika?" Chausiku akauliza.

"Wewe hukuwa na nyingine tumboni. Lakini usirudie. Dawa haimezwi kwa kuapa! Tena dawa nyingine za mafua zinaleta usingizi. Ukichanganya na pombe, au na dawa za kifafa, mtu anaweza kulala asiamke. Mwenye ugonjwa wa moyo naye asimeze dawa za mafua kabla ya kumwuliza daktari."

Bi Tabu akainamisha kichwa. Chausiku akalia kwa kwikwi. Angeweza kumwua wifi yake kwa mapenzi.

Kesho yake moyo ulikuwa umetulia, Mwanabaraka akarudishwa nyumbani. Marijani akamwambia dada yake, "Nisamehe. Nilikudhania vibaya." Bi Tabu akajishughulisha na kukunja mkeka.

Masika yalipoingia, Bi Tabu mwenyewe akashikwa na mafua. Chausiku akaenda kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dawa hukuniletea?"

"Kwanza niambie, unameza dawa gani siku hizi?"

"Za moyo. Kanipa daktari."

"Basi vya mafua huvipati kwangu. Tutakwenda kumwuliza daktari wako. Kwa sasa nakuchemshia tangawizi."

Akamchemshia, akamtilia asali. Bi Tabu akapokea kikombe mkononi mwa Chausiku, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Niongeze, mwanangu," akasema.